Leseni ya Mbwa: Mfugaji Mdogo wa Uingereza Anaguswaje?



Wengi wetu tunasukuma maisha kwa mshahara pamoja na kijishughuli cha nyumbani: kuku wachache, mbuzi wa maziwa au cherehani. Wenzetu wa Uingereza nao ni hivyo hivyo. Zamani wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya kaskazini walifuga nyuma ya nyumba zao mbwa wembamba wa mbio, waitwao whippet. Hata leo wapo wenye mbwa jike mmoja au wawili, ambao huuza watoto wake na kuongezea kipato.

Sheria inawagusaje? Sheria ya mwaka 1973 ilidai leseni kwa mtu mwenye mbwa jike zaidi ya wawili wa kuzalisha kwa ajili ya kuuza. Sheria ya 1999 ikaweka kipimo cha kuzaa mara tano kwa mwaka. Kanuni zilizoanza England tarehe 1 Oktoba 2018 zikashusha kipimo hicho hadi mara tatu katika miezi 12. Kwa hiyo mwenye mbwa jike watatu, kila mmoja akizaa mara moja na watoto wakauzwa, lazima awe na leseni. Na anayefanya uzalishaji kuwa biashara anaihitaji hata kama hajafika mara tatu.

Shabaha ya kanuni hizi ni nzuri. Wako matajiri waliofanya mbwa kuwa mitambo, wanazalishwa bila kupumzika. Sasa mwenye leseni haruhusiwi kupandisha mbwa asiyetimiza miezi 12, wala kumzalisha zaidi ya mara moja katika miezi 12, wala kumpandisha tena akishazaa mara sita. Mtoto wa mbwa hauzwi kabla ya wiki nane. Sisi tuliopigania likizo ya uzazi hatuwezi kupinga mambo hayo.

Ugumu uko kwenye gharama. Halmashauri hutoza ada, na kila halmashauri hupanga yake. Anayeomba leseni kwa mara ya kwanza hukaguliwa pia na daktari wa mifugo, na gharama ni za mwombaji. Lazima pia aweke kumbukumbu kwa maandishi. Mwenye mbwa thelathini huigawa gharama hiyo kwa watoto wengi wa mbwa. Mwenye watatu huibeba karibu yote peke yake.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ina upande wa kumfaa mdogo. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, wafanyabiashara wa England hawaruhusiwi kuuza watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi sita ambao hawakuwazalisha wenyewe. Mlanguzi ameondolewa katikati. Mnunuzi humwendea mfugaji nyumbani, akamwona mtoto pamoja na mama yake.

Tunajifunza nini? Inapoletwa kanuni mpya juu ya kuku, maziwa au genge la mama, tusiipinge wala kuishangilia kabla ya kuuliza: Inahesabu kitu gani? Ada inalingana na ukubwa wa shughuli? Nani anamlipa mkaguzi? Maswali hayo tuyapeleke mapema, tukiwa pamoja, kabla muhuri haujapigwa.