Maziwa ya Mama na Wajibu wa Jamii

Mara nyingi husikika mama akilaumiwa kwamba maziwa yake "yamekauka". Je, lawama hiyo ina msingi wa kisayansi?

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili: prolaktini, ichocheayo utengenezaji wa maziwa, na oksitosini, iyasukumayo yatoke. Titi lisiponyonywa kwa muda mrefu, utengenezaji hupungua. Aidha, hofu na aibu huweza kuizuia oksitosini kwa muda.

Kwa hiyo mama anayeonewa haya anyonyeshapo mbele za watu, au anayeshinda kazini mbali na mwanawe, huweza kupungukiwa maziwa pasipo kosa lake. Vivyo hivyo, mtoto anayepewa maji au uji mapema hunyonya kidogo. Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humruhusu mama mwajiriwa kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini likizo ya uzazi kwa kawaida ni siku 84, yaani chini ya miezi 3. Pengo linalobaki haliwezi kuzibwa na mama peke yake. Linawahitaji mwajiri, mume, mama mkwe na jirani. Anayemlaumu mama na ajiulize kwanza: je, amempa nafasi ya kunyonyesha?