Lipu mbichi na haraka ya Krismasi Kyebando

Kyebando, kaskazini mwa Kampala, haikosi nyumba inayojengwa. Kadiri Desemba inavyokaribia, rangi hupakwa kwa pupa. Mwenye nyumba anataka wapangaji waingie kabla ya sikukuu, fundi anataka amalizane na kazi, na lipu iliyopigwa wiki mbili nyuma inafunikwa ingali mbichi ndani. Isitoshe, mvua za Septemba hadi Novemba ndiyo kwanza zinapungua.

Lipu ya saruji hukomaa kwa maji. Wiki ya kwanza humwagiliwa kila siku, la sivyo hupasuka na kutoa unga. Kwa hiyo ukuta uliotunzwa vizuri ni ukuta uliolowa, na baada ya hapo ndipo huanza kukauka. Subiri siku 28 kwa uchache. Wakati wa mvua, mimi ningengoja wiki 6 hadi 8.

Unyevu si adui pekee. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, pH ya 12 hadi 13. Ukiipaka rangi ya mafuta, ukali huo huyageuza mafuta kuwa sabuni: rangi hunata, hupauka, kisha hubanduka vipande vipande. Rangi ya maji hustahimili zaidi kwa kuwa huruhusu ukuta kupumua, lakini nayo husukumwa na chumvi nyeupe inayotoka na maji. Kupiga puti juu ya lipu mbichi hakusaidii, kwani unyevu unabaki pale pale.

Kipimo cha unyevu ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, rudisha brashi stoo.

Huku bondeni, karibu na mkondo wa Nsooba, kuna jambo zito zaidi. Tofali la kuchoma hufyonza maji ya ardhini, na kama juu ya msingi haikutandazwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ukuta utalowa chini mwaka mzima. Hapo hata ungoje miezi sita, rangi itabanduka tu. Anayeumia ni mpangaji. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na ukungu wa nyumbani na pumu, na mtoto hulala kwenye kitanda kilichoegemezwa kwenye ukuta huohuo.

Ikiwa lazima watu wahamie Desemba, waingie kwenye kuta za kijivu na wapunguziwe kodi ya miezi ya kusubiri rangi. Madirisha yafunguliwe mchana. Januari na Februari mvua hupungua. Rudia kipimo cha nailoni, paka praima inayohimili ukali wa saruji, kisha makoti mawili ya rangi ya maji. Rangi ya mafuta ya sehemu ya chini, ile inayosafishika kwa kitambaa, ije mwisho kabisa.