TUMBO LA CHINI, BIBI WA KISUTU NA MIMI

Leo kaka zangu wafungue ukurasa wa michezo kwanza, halafu watarudi. Ingawa wakibaki hawafi.

Mwenzenu naumwa tumbo la chini. Siyo lile la chipsi za jana. Hili linakuja kila mwezi, siku mbili kabla sijaingia kwenye siku zangu, linakaa chini ya kitovu na kushuka mpaka mapajani. Lilinianza nikiwa kidato cha pili. Mama akasema ni chango, kila mwanamke analo, ukizaa litakwisha. Basi nikawa nameza vidonge na kusubiri kuzaa. Mchumba mwenyewe sina!

Mwaka juzi nikapata kibarua duka la vitambaa, Kisutu. Siku moja nikajikunja juu ya majora mbele ya wateja. Mama mzazi wa tajiri, bibi wa Kigujarati anayekijua Kiswahili cha mjini kuliko mimi, akanivuta nyuma ya duka.

"Wewe mtoto, huo upepo," akasema.

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo Ayurveda, uganga wa Kihindi wa maelfu ya miaka. Wao wanasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata, ambayo ni upepo, pitta ya moto na kapha ya ute. Chini ya kitovu anakaa upepo uitwao apana, kazi yake kusukuma kwenda chini: haja, mkojo, hedhi, hata mtoto. Ukishinda na njaa, ukabana mkojo, ukakesha, ukala vikavu na vya baridi, upepo unapotea njia. Hapo ndipo maumivu. Mwambao huku mabibi zetu nao wanakataza vya baridi ukiwa na chango, au siyo?

Dawa zake nilizipenda. Mbegu za ajmo zilizochemshwa, tangawizi, mvuje kidogo sana kwenye maji ya vuguvugu, mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kusugulia tumbo, halafu kitambaa cha moto juu yake. Tangawizi na joto hata madaktari wa hospitali wamezipima kwa maumivu ya hedhi, wakaona zinapunguza. Kwangu zilipunguza kweli. Miezi minne nikawa natamba.

Kasheshe ikaja nilipojiongeza. Nikanunua kwa mtu unga wa "Kihindi" ndani ya karatasi, hauna jina wala tarehe. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani. 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mimi hayo nimeyajua nikiwa nimeshaumaliza.

Maumivu nayo yakaanza kuja katikati ya mwezi. Nikazidisha dozi. Siku moja nikadondoka kituo cha daladala, kondakta ndiye aliyenishika.

Hospitali wakanipiga altrasaundi. Kuna uvimbe kwenye kokwa la kushoto. Daktari anahisi endometriosi, yaani nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake. Ndiyo ile Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyoitangaza hadharani kwamba anaumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanayo. Na wengi wao, najua, waliambiwa ni chango.

Daktari akauliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Nikasema hakuna. Aibu tu! Nikarudi kesho yake kumwambia ukweli. Hakunigombeza. Ajmo na mafuta akasema niendelee kama yananituliza, ule unga marufuku, na akanipima damu.

Bibi nilipomsimulia alikasirika kweli.

"Kwa nini hukuniambia linauma katikati ya mwezi? Mimi siyo vaidya! Vaidya anasoma India miaka mitano na nusu, anakushika mkono, anakuuliza mpaka choo chako. Mimi nilikupa ya jikoni."

Tarehe ya upasuaji nimepewa. Mama yangu bado anasema ningezaa kwanza. Bibi ameshatangaza duka zima kwamba nikitoka wodini uji wa mchele na choroko atapika yeye, na hakuna kutia pilipili.