Sura ya Saba: Nani Anabeba Barabara?

Vitabu vya harusi hupenda kuanza na mapambo. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, huo ni mwanzo mbaya. Familia ya Kama, katika teritwari ya Pangi, ikijiandaa kwa harusi, cha kwanza kupimwa ni umbali wa kila kitu kisichoota pale. Mchele upo, sombe ipo, mawese yapo, mbuzi na kuku wapo. Bia, soda, vikwembe vya sare, spika za muziki na gauni jeupe vitatoka Kindu, na Kindu kwenyewe vimefika kwa ndege, kwa mto au kwa treni ya kusini ambayo hakuna anayethubutu kuipangia siku. Kila hatua imeongeza bei, na kila hatua inaweza kukwama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "shilingi ngapi", au tuseme franka ngapi, muulize mwenye huduma: mzigo ukilala njiani, hasara ni ya nani?

Lakini tujue kwanza harusi zenyewe ni ngapi. Kwa kawaida ni tatu: ya wazazi, ambako mahari hutolewa, ya serikali, mbele ya ofisa wa etasivili, na ya kanisa au msikiti. Wengi huandaa bajeti ya ile ya tatu, kisha wanashangaa pesa zimeishia kwenye ile ya kwanza. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka mahari yakubaliwe na wazazi wa binti, lakini haidai yalipwe yote: ndoa inaweza kufungwa ikiwa angalau sehemu imekwisha kutolewa. Nafasi hiyo itumieni. Orodha ya mahari iandikwe nakala mbili, kilichotolewa upande mmoja na kilichobaki upande wa pili, wajomba wa pande zote watie sahihi. Mbuzi wawili waliobaki wanaweza kusubiri mavuno, ukumbi hausubiri. Familia za Kiislamu, ambazo Kindu na Kasongo ni nyingi, zina mstari wa ziada: mahari ya kimila huenda kwa wazazi, hali mahari ya nikaha ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Msiyaweke hayo mawili katika bahasha moja.

Sasa vinywaji, maana hapa ndipo bajeti hufa. Tuseme wageni ni 150 na mmekadiria chupa tatu kwa kila mmoja: ni chupa 450. Kazie ya bia kubwa ina chupa 12, kwa hiyo mnahitaji kazie 38. Mwenye depo atawatajia bei ya kinywaji, lakini chupa si zenu, ni vidanji. Kila chupa tupu inayopotea au kuvunjika usiku ule mtailipa, na kazie pia. Makubaliano yenu naye yaseme mambo matatu: bei ya vidanji vilivyopotea, siku ya mwisho ya kuvirudisha, na kama kazie ambazo hazikufunguliwa atazipokea kwa bei ileile aliyouza. Hili la mwisho wauzaji hulikubali kwa urahisi kabla ya kupewa pesa. Baada ya hapo husahau. Kisha mteueni mtu mmoja asiyekunywa akae kwenye mlango wa stoo na kalamu. Binafsi namwona huyo ni muhimu kuliko msema-chochote wa sherehe.

Muziki una mtego wake. Bei ya spika kwa kawaida haihusishi jenereta, na bei ya jenereta kwa kawaida haihusishi esansi. Andikeni lita ngapi, nani ananunua, muziki unaanza na kuisha saa ngapi. Fundi akisema "tutaelewana", jueni mtaelewana saa sita za usiku, wageni wamesimama, na yeye ndiye mwenye kuushika uzi wa umeme.

Halafu kuna suala la sarafu. Tunapanga kwa dola na kununua kwa franka, na wakati mwingine kinyume chake. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franka 1,000. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa imefika karibu 1,600. Aliyekuwa ameweka akiba ya franka kwa ajili ya ukumbi wa dola alipoteza zaidi ya theluthi ya ukumbi bila mtu kumwibia. Mkataba utaje sarafu moja, na kama malipo yatafanyika kwa nyingine, utaje kiwango cha siku ipi. Na noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa, kwa hiyo kagueni michango siku inapoingia, mtoaji akiwa bado yupo.

Aliyedhani vita havihusiani na keki alijifunza mwaka 2025. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, uwanja wake wa ndege ukafungwa. Februari ikafuata Bukavu na uwanja wa Kavumu. Kindu ilikuwa ikipata bidhaa nyingi kwa ndege kutoka miji hiyo miwili. Katika hali kama hiyo si haki kumwita muuzaji mwizi, na si haki pia abaki na pesa zenu. Sentensi moja kwenye mkataba inatosha: njia ikifungwa kwa vita, mafuriko au amri ya serikali, tarehe itasogezwa bila faini, au avanse itarudishwa baada ya kupunguzwa gharama iliyokwisha kutumika na yenye risiti.

Kuhusu avanse yenyewe, usemi wa mdomo hautoshi. Sheria yetu ya mikataba, ya tangu 1888, inataka maandishi kwa jambo lolote linalozidi franka 2,000, kiasi ambacho leo hakifiki dola moja. Sheria hiyohiyo ina kanuni ya kale kuhusu ahadi ya kuuza iliyofungwa kwa arabuni: aliyeitoa akijitoa anaipoteza, aliyeipokea akijitoa anarudisha mara mbili. Fundi wa mapambo hauzi kitu, anafanya kazi, hivyo msitegemee kanuni hiyo impate. Andikeni wenyewe nini kitatokea kila upande ukivunja. Karatasi ya daftari inafaa: majina, tarehe, kazi, kiasi, sahihi, mashahidi wawili. Mkilipa kwa simu, hifadhini ujumbe, na mkubaliane mapema makato ya kutoa pesa ni ya nani.

Ugumu halisi ni huu. Mpishi ni shangazi, mwenye gari ni shemeji, na kumpa shangazi karatasi atie sahihi kunaonekana kama tusi. Mpelekeeni kupitia mtu wa makamo yake, si bwana harusi, na aanze na yale mliyojifunga ninyi: "Dada, hawa watoto wameandika watakachokulipa na siku ya kukulipa, ukiona kuna kosa sema." Shangazi akiona deni lake mwenyewe limeandikwa, kwa kawaida huuliza kalamu iko wapi. Malipo yagawanyeni: sehemu wakati wa kukubaliana, sehemu mzigo unapofika Kama, iliyobaki asubuhi baada ya sherehe, viti na sufuria vikishahesabiwa.