Kijana wako anatengeneza tovuti? Mpeleke BRELA

Yuko sebuleni Upanga, kompyuta mapajani, anamtengenezea tovuti mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Mzazi anaona mchezo, kumbe ni biashara. Akishatimiza miaka 18 na kupata namba ya NIDA, asajili jina la biashara BRELA kupitia mtandao. TIN hutolewa bure na TRA, asimlipe kishoka. Leseni huombwa Halmashauri ya Jiji.

Pabaya ni makubaliano ya mdomo. Karatasi moja inatosha: kazi gani, malipo ya awali kiasi gani, marekebisho mara ngapi. Anwani ya .tz iandikishwe kwa jina la mteja, wakikosana duka lisipotee mtandaoni. Tovuti ikikusanya namba za simu za wanunuzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Na mgongo jamani! Akae mezani, siyo kwenye kochi.