Wamasoni na Loji ya Weusi wa Boston

Taa za bwenini zikizimwa, hadithi za Wamasoni huanza: kwamba hunywa damu, kwamba mtu akijiunga hutajirika kisha hufa ghafula. Ni tamu kusikiliza gizani. Lakini mwenye kutaka kujua hana budi kuuliza, je, watu hawa ni nani hasa?

Asili ya mambo yao ni kazi ya uashi. Waashi wa Uingereza na Scotland walikuwa na vyama vyao, na mwanagenzi alifundishwa siri za kazi kidogo kidogo. Baadaye waliingia watu wasioshika nyundo kamwe, na kwa mapokeo ya Wamasoni wenyewe, mwaka 1717 loji nne za London ziliungana chini ya loji kuu moja. Vyombo vya kazi vikabaki kuwa mafumbo: timazi ni unyofu, pima maji ni usawa wa watu, bikari ni kujiwekea mpaka. Daraja ni tatu: mwanagenzi, fundi na fundi mkuu. Katika desturi ya Kiingereza, anayeingia lazima amwamini Mungu, wala halazimishwi dini fulani; na ubishi wa dini au siasa ndani ya loji ni marufuku. Siri yao kubwa ni alama za kutambuana. Hata hivyo Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga tangu 1738.

Sasa, kusema usawa ni rahisi. Mjini Boston, Marekani, alikuwako fundi wa ngozi, mtu mweusi huru, jina lake Prince Hall. Loji za Wazungu wa mji ule hazikumtaka. Basi mwaka 1775 yeye na weusi wenzake 14 waliingizwa na loji ya askari wa jeshi la Kiingereza. Askari walipoondoka mwaka uliofuata, waliwaachia ruhusa ya kukutana na kuzika maiti wao, lakini si ya kuingiza watu wapya. Hall akaandika London. Hati ilitolewa 1784, ikamfikia 1787. Miaka mitatu kuingoja karatasi!

Na kazi ya loji ile haikuwa kuvaa aproni tu. Mapema mwaka 1788 weusi huru watatu wa Boston walidanganywa wapande merikebu kwa kazi, kumbe wanapelekwa visiwa vya Karibi kuuzwa. Hall na ndugu zake wa loji wakapeleka ombi kwa Baraza la kutunga sheria la Massachusetts. Mwezi wa Machi sheria ya kukataza biashara ya watumwa ikapitishwa, gavana akaandika barua visiwani, na kabla mwaka haujaisha watu wale watatu wakarudi kwao. Hall aliomba pia shule kwa watoto weusi, maana wazazi wao walilipa kodi ya mji bila kupata shule. Alikataliwa, naye hakuchoka kulisema jambo hilo.

Alifariki 1807, akazikwa Boston. Loji zenye jina lake zikaenea Marekani, na jaji mashuhuri Thurgood Marshall alikuwa mmoja wa ndugu zao. Lakini Loji Kuu ya Uingereza ilikubali tena rasmi undugu na loji kuu ya Prince Hall ya Massachusetts mwaka 1994 tu.