Umeme wa gari: kutoa waya ya fizibili ya zamani na kuweka fizibili za kisasa, fundi aangalie nini?

Land Cruiser na Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zingali zinabeba watu na mizigo mashariki mwa Kongo, kutoka Bukavu mpaka Uvira, kutoka Butembo mpaka Bunia. Injini zingali na nguvu, lakini waya za umeme zimechoka. Ganda limekauka, na mafundi wengi wamekata na kuunganisha, kila mumoja kwa namna yake. Siku mwenye gari anaamua kubadilisha waya zote, kuna swali moja linakuja palepale karibu na batri: ile waya ndogo ya fizibili iliyotoka kiwandani iachwe, ao iwekwe fizibili ya kisasa?

Inaweza kubadilishwa, na inafaa. Lakini fizibili ya kisasa ikichaguliwa vibaya, gari inaweza kuwaka hata kama vitu vyote ni vipya.

Kazi ya ile waya ndogo

Waya ya fizibili ni kipande kifupi kinachofungwa karibu na plusi ya batri. Inafanywa nyembamba kuliko waya kubwa inayolinda: kama waya kubwa iko na milimita mraba 5, ile ndogo inakuwa na 2 hivi. Ganda lake pia si la kawaida, limetengenezwa lisishike moto kwa urahisi.

Juu ya nini iliwekwa? Batri ya gari, hata ya volti 12 tu, inaweza kutoa ampere mamia na mamia kwa mara moja. Waya ya plusi ikichubuka na kugusa chuma cha gari, umeme wote unakimbilia pale. Shaba inakuwa nyekundu, ganda linayeyuka, moto unaanza. Waya ya fizibili, kwa kuwa ni nyembamba, njo inayeyuka ya kwanza na kukata umeme mbele waya zingine hazijaungua.

Ni mpango mzuri, lakini uko na shida tatu. Mara nyingi haina namba ya ampere iliyoandikwa. Ikiungua, ganda la inje linaweza kubaki zima, kwa hiyo fundi anatafuta shida mahali pengine saa nzima. Tena, kuipata ya kweli ni vigumu, zaidi sana gari ikikwama njiani.

Njo hapo hatari inaingia. Shofere anachukua kipande cha waya yoyote, anafunga, gari inawaka, safari inaendelea. Kuanzia siku ile gari haina tena ulinzi. Waya zote zimegeuka kuwa fizibili, na ile itakayoungua kwanza inaweza kuwa chini ya miguu ya abiria, nyuma ya tablo, ao pembeni ya bomba la mazutu. Katika gari iliyojaa watu na bidoni za mafuta, kila mutu anajua maana yake.

Fizibili inalinda waya

Watu wengi wanafikiri fizibili iko kwa ajili ya kulinda taa ao redio. Hapana. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Kwa hiyo fundi hatakiwi kuuliza «hapa tuweke ampere ngapi?» mbele ya kuuliza «waya hii inaweza kubeba ampere ngapi?»

Kwa waya nzuri ya gari, yenye shaba tupu na nyuzi nyingi, mafundi wanatumia hesabu kama hizi: waya ya 1,5 inabeba karibu ampere 21, ya 2,5 inabeba karibu 29, ya 6 karibu 50, ya 10 karibu 70, ya 16 karibu 110. Zikifungwa nyingi pamoja ao zikipita karibu na injini yenye joto, zinabeba kidogo kuliko hapo. Waya ya aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo inauzwa bei ya chini, inabeba kidogo zaidi. Na waya ngumu ya nyumba, yenye uzi mumoja, haifai kabisa katika gari: barabara zenye mashimo zinaitikisa mpaka inavunjika ndani ya ganda.

Kisha inafuata hesabu ya mzigo. Wati zinagawanywa kwa volti. Taa mbili za mbele za wati 55 ni wati 110. Ukigawanya kwa 12 unapata karibu ampere 9. Kanuni nzuri ni mzigo wa kila siku usipite 80 kwa mia ya namba ya fizibili. Kwa hiyo fizibili ya 10 ni ndogo, ya 15 inafaa, na waya ya 1,5 inaweza kuibeba bila shida. Fizibili inakaa katikati: juu ya mzigo, chini ya nguvu ya waya.

Mfano mkubwa ni alternateri. Kama inatoa ampere 80, fizibili inapaswa kuwa ya 100, na waya iwe ya 16. Lakini kama fundi ameweka waya ya 10, fizibili ya 100 haiilindi, na fizibili ya 60 itakatika kila mara batri inapohitaji umeme mwingi. Hapo dawa ni kubadilisha waya. Na fizibili hiyo haipaswi kukatika ovyo: alternateri ikitengana na batri wakati injini inazunguka, volti zinapanda kwa gafula na zinaweza kuharibu vyombo.

Kwa malori ya volti 24, ampere zinakuwa nusu kwa wati zilezile. Kuna pia Land Cruiser za zamani za volti 24, kwa hiyo fundi apime batri kwanza, asifikirie tu.

Ya haraka na ya polepole

Waya ya fizibili inachukua muda kidogo mbele ya kuyeyuka. Hiyo ilikuwa faida: inavumilia umeme mwingi wa sekunde chache, kwa mfano wakati buji za kupasha dizeli zinawaka asubuhi. Fizibili ndogo ya miguu miwili, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1976, ni ya haraka zaidi. Ikiwekwa mahali pa waya ya fizibili, inaweza kukatika bure. Shofere anakasirika na kuizungushia karatasi ya sigara, na ulinzi umekufa tena.

Kwa hiyo karibu na batri inawekwa fizibili ya polepole: ile ya kisanduku cha plastiki yenye dirisha juu, ao ile ya kufungwa kwa bulo mbili kwa waya kubwa. Zile ndogo zinabaki ndani, kwa taa, honi na vipangusio vya vioo. Ile kubwa ya mbele iwe na namba kubwa kuliko kila moja ya zile ndogo zinazoifuata, ili shida ya honi isizime gari nzima.

Rangi nazo zinadanganya. Kwa fizibili ndogo ya miguu miwili, njano ni 20 na kijani ni 30. Kwa ile ya kisanduku, njano ni 60 na kijani ni 40. Isomwe namba, si rangi.

Hata fizibili nzuri haikati palepale namba yake ikipitwa. Fizibili ndogo ya 20 inaweza kubeba ampere 27 kwa dakika kadhaa, hata kumi. Ikifika 40 inapaswa kukata katika sekunde tano. Ni sababu nyingine ya kuacha nafasi kati ya fizibili na nguvu ya waya.

Kazi yenyewe

Injini inazimwa, na masi ya batri inatolewa ya kwanza. Fundi anafuata kila waya inayotoka kwenye plusi mpaka mwisho wake na kuandika: hii inaenda kwa alternateri, hii kwa kontakti, hii kwa taa. Waya nene ya demarere kwa kawaida haina fizibili, kwa sababu inavuta ampere mamia kwa muda mfupi. Yenyewe inalindwa kwa kupitishwa mbali na chuma na kufungwa imara.

Kisanduku cha fizibili kinafungwa kwenye bodi ya gari, karibu na batri, lakini si juu yake, kwa sababu mvuke wa asidi unakula shaba. Ile sehemu ya waya kati ya batri na fizibili haina ulinzi wowote, kwa hiyo iwe fupi sana na ivalishwe bomba la plastiki. Kosi zibanwe kwa koleo yake, si kusokotwa kwa mkono na kufunikwa skochi. Mahali waya inapita katika tundu la bati, iwekwe mpira. Tena zile waya za fizibili za zamani zitolewe zote. Kuacha moja imejificha katikati ya waya mpya ni kumuachia fundi wa kesho kitendawili.

Mbele ya kurudisha masi, kuna jaribio la bei ndogo: taa ya wati 21, ya volti zilezile za batri, inafungwa kati ya masi ya batri na kebo yake, vitu vyote vikiwa vimezimwa na milango imefungwa. Kama inawaka sana, kuna mahali umeme unavuja. Taa inazuia ampere zisipite karibu mbili, kwa hiyo hakuna kitu kinaungua wakati fundi anatafuta.

Fizibili za uongo

Kwenye soko kuna fizibili ambazo hazikati. Fundi anaweza kupima moja ya pakiti: ya 7,5 inawekewa taa nne za wati 55, ambazo zinavuta karibu ampere 18. Fizibili ya kweli inakatika katika sekunde chache. Ikibaki nzima na plastiki inaanza kuyeyuka, pakiti yote haifai.

Na fizibili ikikatika njiani? Inarudishwa moja tu, ya namba ileile. Ikikatika tena, kuna waya inagusa chuma ao chombo kimeharibika. Kuongeza namba ni kuficha shida, si kuitengeneza.

Mwenye gari hatakiwi kujua hesabu zote hizi. Lakini gari ikitoka garaji, anaweza kudai vitu viwili: karatasi inayoandika kila fizibili inalinda waya gani na ya ngapi, na akiba ya fizibili moja moja za kila namba ndani ya gari. Bei yake ni ndogo, na shofere atakayekwama usiku mbali na mji hatakuwa na sababu ya kutafuta kipande cha waya.